Jabali la Katikati

Vifaa vya kupima msogeo wa ardhi pale mlimani vilipokezana taarifa kwa redio mpaka ofisini. Cha tisa kilipitishia zake kwa cha sita, kwa kuwa jabali kubwa lilikizuia kukifikia cha pili.

Asubuhi hiyo, fundi aliona kwenye skrini kuwa cha tisa kilikuwa kinaongea na cha pili moja kwa moja.

"Si afadhali?" mwenzake alisema akikoroga chai. "Njia imefupika, betri zitadumu."

Fundi alinyakua simu. "Jabali limekwenda wapi?"

Kijiko kilisimama kikombeni.

Fundi alimpigia dada yake, aliyeishi chini ya mlima.

"Leo umenikumbuka, mdogo wangu?"

"Dada, beba mtoto, kimbia! Acha kila kitu!"

Simu haikukatika. Aliibana sikioni, akisikia miguu ikikimbia, na nyuma yake ngurumo.