Safari ya Pili

Kila mtu huruhusiwa kupanda ndege mara mbili tu maishani: kwenda na kurudi. Mimi sikuwahi kupanda. Lakini uwanjani, baada ya foleni ya saa sita, karani alisoma jina langu kwenye skrini akasema, "Namsifu, hii ni safari yako ya pili. Ukipanda leo, umemaliza."

"Samahani dada, ndiyo ya kwanza. Naenda kusoma tu, nitarudi."

"Mama yako alisafiri akiwa na mimba yako. Wa tumboni naye anahesabiwa. Mama anajua, alitia saini."

Kwetu mtu akisafiri, nyumba haifagiliwi siku hiyo, ili arudi. Asubuhi, nikifunga begi, Mama alifagia chumba changu chote.

Nilidhani amesahau.