Kasi ya Moyo wa Bi Esha

Kila nyumba mjini Morogoro ilipewa kiwango kimoja cha kasi ya mtandao, na wenyewe waligawia vyombo vyao. Somoe alikuwa fundi wa mitandao, kwa hiyo hakubahatisha. Sehemu kubwa alikipa kifaa cha kifuani mwa mama yake, Bi Esha, ili hospitali iuone moyo wake saa zote. Simu ya ukutani aliiachia sauti tu, bila picha.

Mchana mmoja, akiwa kazini, aliona kasi ya kifaa kile imeshuka hadi sifuri. Alikimbia nyumbani. Alimkuta mama amekivua, kasi yote ameihamishia kwenye simu, anacheka na dada yake aliyeko Mtwara, wakitazamana.

“Mama! Hospitali haikuoni!”

“Na mimi nisimwone mama yako mkubwa? Kesho anapasuliwa, mwanangu. Niache nimtazame.”

Somoe alikiokota kifaa, akakiweka mezani. Akaketi, akamshika mama kifundo cha mkono na kuutafuta mshipa kwa vidole viwili. Kuhesabu alijua.

Mama aliendelea kucheka. Pigo moja lilichelewa. Somoe akabana pumzi, mpaka likaja.