Ndala ya Nne

Jumanne ya tarehe tisa Machi, wakubwa walimwita daktari pekee wa mji kwenye semina ya afya kwa wote. Siwema alikuwa ameacha ndala yake moja imshikie foleni ya zahanati, kama wafanyavyo wote, akajilaza kivulini. Ilikuwa ya nne. Foleni haikusogea, naye hakuamka tena.

Leo mtafiti amekuja nyumbani kumhoji mume wa Siwema, Mzee Kibwana.

“Pole, baba. Tunatafuta njia kila mtu atibiwe. Marehemu alisubiri muda gani?”

“Waulize waliokutuma. Siku ile walikuwa semina na daktari wetu, wanakula biriani.”

“Fomu inataka saa, baba.”

Kibwana akaingia ndani, akatoka na ndala iliyolika kisigino, akaiweka juu ya fomu.

“Mwenzake sijaitoa kwenye foleni. Itaitwa lini, binti?”