Msomaji Mwingine wa Kitabu cha Injini

Injini ya Hippolyte Mulumba ilikufa katikati ya ziwa la Mweru, na kutoka Kashikishi hadi Kabuta hakuna aliyejua kuifufua. Aliyejua alikuwa kitabu, na kitabu kilikuwa Lusaka.

Mwaka huo, 1974, Mulumba alikuwa akivusha watu na magunia ya samaki hadi Pweto, upande wa Zaire. Alikuwa mtu wa tahadhari. Akitaka chumvi kutoka Pweto, alituma neno kwa mitumbwi miwili, ili mmoja ukizama mwingine ufike. Lakini injini alikuwa nayo moja tu, na bila injini mashua yake ilikuwa sanduku la mbao. Kapembwa, mwenye mashua ya pili, alianza kumwamkia kila asubuhi kwa adabu kubwa, jambo lililomuuma kuliko matusi.

Akaenda maktaba ya Nchelenge. Kilikuwa chumba kimoja, rafu tatu na Ba Chilufya, mtunza vitabu, aliyeamini kanuni kama wengine wanavyoamini dawa. Chilufya akamweleza kazi inavyokwenda. Unajaza fomu, fomu inapanda basi hadi maktaba kubwa ya Lusaka. Kule wanapekua kadi zao, wanatia kitabu kwenye mfuko wa turubai, nacho kinapanda basi kuja. Cha injini ile kilikuwa kimoja nchi nzima. Kitasomwa humu ndani tu. Na akitokea msomaji mwingine anayekingoja, kinarudi kwa basi lilelile.

"Na karatasi ikipotea njiani?"

"Haipotei, papa."

Mulumba akajaza fomu, akaacha alama ya kidole chenye mafuta pembeni. Jioni akamsindikiza shemeji yake Suzanne kwenye basi la Mansa alikoolewa, akampa kapu la samaki na kikaratasi cha mkononi, akarudi nyumbani kungoja.

Siku ya ishirini na mbili mfuko ukafika. Kwa kuwa kitabu hakitoki, wanaume wanne waliibeba injini hadi maktaba wakailaza juu ya meza ya kusomea. Chilufya akapekua kanuni zake. Hazikusema lolote juu ya injini, zilisema watu wanyamaze. Basi kazi ikafanyika kwa kunong'ona: Chilufya anasoma Kiingereza, anakigeuza Kiswahili cha sokoni, Mulumba anafungua skrubu. Mama Ennie, aliyekuja kusoma gazeti, alisogeza propela akakaa.

Walikuwa ukurasa wa tisa Chilufya alipokuta karatasi nyekundu nyuma ya jalada. Msomaji mwingine anangoja. Kirudishwe.

"Msomaji gani?" Mulumba alinong'ona.

"Hawaandiki majina. Namba tu. Mia moja kumi na nne."

"Zambia muzima, mutu moja tu anataka kitabu yangu, na anaitaka leo?"

Saa nane basi likaondoka na kitabu. Injini ikabaki mezani, nusu uchi.

Chilufya akamfariji. Maktaba kubwa ilikuwa ya haki, alisema. Anayenyang'anywa kitabu anarudishwa kwenye foleni papo hapo, asijaze fomu nyingine. Mulumba akauliza kama na yule mia moja kumi na nne anatendewa haki hiyohiyo. Chilufya akasema bila shaka, haki ni ya wote.

Siku ya sitini na sita kitabu kikarudi. Safari hii Chilufya alifunua jalada la nyuma kwanza. Karatasi nyekundu ilikuwepo. Akalifunika tena, akaanza kusoma mbiombio, na hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuvunja kanuni. Walifika ukurasa wa kumi na tisa dereva wa basi akapiga honi.

Mulumba akaomba karatasi na bahasha. Aliandika kwa mkono uliojaa mafuta, akimsomea Chilufya kadiri alivyoandika.

"Wewe mia moja kumi na nne, sikujue. Samaki zako ziliwe na funza. Batu ya mashua yako bahamie kwa mwenzako. Chombo yako ilale juu ya meza sawa maiti."

"Hujui hata kama ana mashua," Chilufya alisema.

"Kama hana, atafute."

Kanuni zilikataza kuandika ndani ya kitabu. Juu ya bahasha katikati ya kurasa hazikusema kitu. Basi likaondoka nayo.

Akangoja. Samaki aliowanunua kabla injini haijafa walikuwa bado ghalani Kashikishi. Colette, mke wake, alikuwa akiwaanika na kuwarudisha kila siku, mpaka akachoka na kuacha. Abiria walimpita pwani wakitazama pembeni. Kila asubuhi alikwenda maktaba kuulizia mfuko, kisha akakaa na injini yake kidogo, kama mtu aliyekuja kumwona mgonjwa.

Siku ya tisini na sita haukuja mfuko, ilikuja barua ya Suzanne kutoka Mansa. Mulumba aliisoma amesimama, mkono mmoja juu ya injini.

"Shemeji, ile karatasi yako nilipeleka maktaba ya huku sawa ulinituma, nikaandika jina yako. Kitabu ilikuja mara mbili. Kabla nipate njia ya kukuita uje usome, banairudisha, banasema kuna mutu huko Nchelenge anaingoja na hasira. Ila ndani yake mulikuwa barua, nimeona nikutumie. Ukibaandikia, namba yako ni mia moja kumi na nne."

Bahasha ya ndani ilikuwa na alama ya kidole chenye mafuta.

Siku tisini na sita. Magunia arobaini ya samaki, yote funza. Abiria wote wa Pweto, kwa Kapembwa. Kurasa kumi na tisa, kati ya thelathini na mbili.