Salamu za Saa Mbili

"Usiizime! Fanya yote, fundi, lakini usiizime."

Fundi akarudisha mkono haraka. Alishazoea wateja wanaoogopa kupoteza picha za harusi, lakini huyu alikuwa ameziba kitufe kwa kiganja. Saa nne kasoro asubuhi, na chai aliyojimiminia ilikuwa imepoa bila kuguswa.

Kompyuta ilikuwa ya marehemu mumewe. Usiku ilijisasisha yenyewe, bila hodi, na asubuhi ikaamka na maneno mekundu: huduma imeshindwa kuanza.

"Huduma gani hiyo, dada?"

Mjane akakaa ndipo akasema. Mumewe alipojua haponi, alitengeneza programu ndogo. Kila siku saa mbili kamili asubuhi ichague salamu moja kati ya alizoandika, imtumie mama yake aliye ng'ambo, ambaye moyo wake ni dhaifu. Mwaka na nusu sasa tangu mumewe azikwe, na mama mkwe hajui.

"Hata wifi anayekaa naye sijamwambia. Mdomo wake hauna breki." Alifuta macho. "Leo salamu hazijaenda. Mama akishtuka moyo ukasimama, nitakuwa nimemuua mimi."

"Si umwandikie wewe mwenyewe?"

"Nimejaribu. Mkono unakataa."

"Na simu?"

"Wifi kakataza. Masikio ya mama yamekuwa mazito, anasema, tuandike tu. Lakini kwa kujibu humwezi! Papo hapo, utadhani simu imeota mkononi. Zamani alimsimulia mwanawe mpaka maumivu ya magoti. Siku hizi anafupisha. Uzee huo."

Fundi alinakili salamu zote kwenye flashi kwanza, maana hapo hapakuwa na nafasi ya kukosea. Akaiondoa programu, akaisakinisha upya. Ikagoma, eti toleo la zamani bado lipo. Akaitukana kimoyomoyo, akafukua mabaki yake yote, akasakinisha tena. Mjane alikuwa amesimama nyuma yake, pumzi zake zikimgonga shingoni.

Akabonyeza "Anzisha". Maneno mekundu yakatoweka na ujumbe ukaondoka. Kabla hajainua kidole, kompyuta ikalia.

*Marahaba, mwanangu. Nimeamka salama. Usisahau kula.*

"Mama mzima!" Mjane alicheka huku analia, akamshika fundi mabega akamtikisa. "Hajajua kitu! Ngoja nikupashie chai, fundi, leo huondoki hivihivi."

Akaenda jikoni, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile akasikika akiimba.

Fundi naye alijisikia vizuri. Kwa mazoea ya kazi, akafungua ujumbe uliotumwa ahakikishe umeenda sawasawa. Ulikuwa mtupu. Huduma ilikuwa imeamka, kweli, lakini salamu zilikuwa bado kwenye flashi, hajazirudisha, kwa hiyo haikuwa na neno hata moja la kutuma.

Akaukodolea macho. Kisha akasoma tena jibu la mama.

Akaandika nukta moja tu, akaituma. Kompyuta ikalia palepale.

"Huyo ni mama tena?" mjane aliuliza kutoka jikoni. "Anasemaje?"

Fundi alikohoa kidogo, akasoma kwa sauti:

"Marahaba, mwanangu. Nimeamka salama. Usisahau kula."