Mabati ya Mstari wa Kijani

Chausiku alishika ngazi huku mumewe, Mbaruku, akigongomea bati la mwisho. Binti yao Hidaya, aliyezaliwa kiziwi, alikuwa ameweka kiganja ukutani, akicheka kila nyundo ilipotua.

"Leo mvua itakoma kutuchezea!" Mbaruku alijigamba kutoka juu.

Kipande cha bati kikaanguka miguuni pa Chausiku. Rangi nyekundu ilikuwa imebanduka ukingoni, na chini yake kulikuwa na mstari wa kijani. Mji mzima uliujua mstari ule. Serikali iliwapa mabati hayo watu iliowaita wa damu hafifu, wakikubali kufungwa uzazi.

Chausiku aligusa kovu lililo chini ya kitovu. Mwezi uliopita Mbaruku alimpeleka hospitali, akamwambia ana uvimbe.

"Baba Hidaya, huo uvimbe uliuona?"

Mbaruku akaiweka nyundo juu ya bati.

"Walisema mtoto atakayefuata naye atakuwa kama Hidaya. Na nyumba ilikuwa inavuja, mke wangu."

"Nani alikubali?"

"Mume ndiye anayekubali. Ndio utaratibu wao."

"Na hii rangi nyekundu?"

"Sikutaka uumie."

Mvua ikaanza kunyesha. Mbaruku akashuka, akakimbilia ndani, akamwita mara mbili. Chausiku hakusogea. Alisimama uani na kile kipande mkononi, nguo zikimganda mwilini. Mlangoni, Hidaya alikuwa bado ameweka kiganja ukutani, na kwa mkono wa pili akamwashiria mama yake aingie, aje naye aisikie mvua.