Alirudia Nini

Filamu ilipofika mwisho, mwanamke alisimama kwenye mlango wa nyumba ya mwanamume aliyeachana naye, muziki ukapanda, na picha ikazimika kabla hajasema neno.

Bilkisi alingoja ubishi uanze. Tangu waoane, yeye na mumewe walikuwa wakiitazama filamu hiyo ya zamani, ya nyimbo na vichekesho, na kila mara walibishana kuhusu mwisho wake. Mume alishikilia kwamba mwanamke amerudia mapendo. Bilkisi, kwa kumchokoza tu, alidai amefuata nguo zake. Walikuwa wakicheka mpaka chai inapoa.

Mchana huo mume alikuwa ameingia Kolwezi na lori kutoka Lubudi, ambako safari zake zilikuwa zimeanza kurefuka.

"Mama, ulisema kweli," alimwambia mkewe polepole. "Hakurudia mapendo. Alikuya kubeba manguo yake tu."

Bilkisi alicheka, kisha akasikia kwamba anacheka peke yake. Hapo ndipo alipoviona viatu. Mumewe, ambaye siku zote alivivua nje, alikuwa amekaa navyo juu ya mkeka, vimejaa vumbi jekundu, na kamba zimekazwa.

"Uko na mwengine kule?"

"Eh." Mume hakuinua uso. "Na iko na mimba."

"Mi nilikuwa nacheza tu," Bilkisi alisema. "Siku zote nilijua alirudia mapendo."

Bilkisi aliinuka, akaingia chumbani kumkunjia mumewe mashati, maana mwenyewe hakuwahi kujua kuyakunja.